Mkono Mmoja Haulei Mwana

Asubuhi ukipita karibu na shule ya kijiji utasikia sauti za watoto wadogo wakiimba. Hao ni watoto wa darasa la awali. Wengi wetu tunaliita darasa la chekechea. Wazee wetu waliita shule ya vidudu. Watoto hao wana umri wa miaka mitano hivi. Wengine ni wadogo zaidi.

Chungulia mlangoni. Mbele ya darasa amesimama mwalimu. Katika baadhi ya shule utamwona na mtu wa pili. Huyu hasimami mbele. Ameinama katikati ya watoto. Anamfuta mmoja kamasi. Anamwonyesha mwingine namna ya kushika kalamu. Huyo ndiye mwalimu msaidizi.

Katika makala haya nataka tuzungumze juu ya mtu huyu wa pili. Nina jambo moja la kusema. Mwalimu msaidizi wa darasa la awali ni mwalimu. Kwa hiyo kijiji kimchague kwa uangalifu, kimpatie mafunzo, na kimlipe. Kijiji kinachomtumia bure mpaka achoke na kuondoka, kinawapunja watoto wake chenyewe.

Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Nyumbani tunaliamini neno hilo. Mama akienda shambani, bibi anabaki na mtoto. Shangazi anasaidia. Jirani anatupa jicho. Je, kwa nini tukifika shuleni tunasahau? Kwa nini tunampa mtu mmoja watoto 80, kisha tunasema wanalelewa?

DARASA HILI LIMETOKA WAPI?

Zamani shule ilianza darasa la kwanza. Vituo vya kulelea watoto wadogo vilikuwepo, lakini vilikuwa vichache. Vingine vilikuwa mijini, vingine katika vijiji vya ujamaa.

Mwaka 1995 Tanzania ilitoa Sera ya Elimu na Mafunzo. Sera hiyo iliyatambua madarasa ya awali kuwa sehemu ya elimu ya nchi. Mwaka 2014 ikatoka sera nyingine. Hiyo ilisema elimu ya awali iwe ya lazima, na mtoto aipate kwa muda usiopungua mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Mwaka 2016 ada ikaondolewa.

Matokeo yake yalionekana mara moja. Mwaka 2015 watoto wa madarasa ya awali nchini walikuwa milioni 1 na kidogo. Mwaka 2016 walizidi milioni 1 na nusu. Wazazi waliitika. Hilo ni jambo la kujivunia.

Mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 3,000 katika shule shikizi. Hizi ni shule ndogo zinazojengwa karibu na watu, ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu. Mwezi Desemba mwaka huohuo ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Programu hiyo inahusu watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane.

Basi watoto wapo. Sera zipo. Madarasa yanajengwa. Lakini ukuta haufundishi. Bati halifundishi. Mtoto hufundishwa na mtu.

Tufanye hesabu ndogo. Kiwango kilichowekwa nchini ni mwalimu 1 kwa watoto 25 wa darasa la awali. Kama kijiji chako kina watoto 100 wa umri huo, kinahitaji walimu 4. Hesabu: 100 gawanya kwa 25 ni 4. Sasa nenda shuleni kwenu ukahesabu. Je, wapo 4? Katika vijiji vingi utamkuta mmoja. Pengine huyo mmoja anafundisha pia darasa la kwanza.

MSAIDIZI ANAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi hawajui kazi ya msaidizi. Ndiyo maana wanaidharau. Tuifuate siku yake.

Saa moja na nusu asubuhi watoto wanafika. Msaidizi anasimama mlangoni. Anamsalimu kila mtoto kwa jina. Huku anamtazama. Huyu macho yake mekundu. Yule hajala tangu jana. Huyu analia kwa sababu dada yake amemwacha na kwenda darasa la tatu. Mwalimu anayetayarisha somo la watoto 80 hawezi kuyaona hayo yote. Msaidizi anayaona.

Saa mbili somo linaanza. Mwalimu anafundisha kuhesabu moja mpaka tano. Anatumia vizibo vya soda. Watoto wa mbele wanafuata. Watoto wa nyuma hawaoni. Msaidizi anawachukua kumi wa nyuma na kukaa nao chini ya mti. Anawapa magunzi ya mahindi. Wanayapanga. Wanaondoa moja. Wanaongeza mawili. Mtoto wa miaka mitano haijui tano kwa kuitazama ubaoni. Huijua kwa kushika vitu vitano.

Saa nne ni wakati wa uji. Msaidizi anamimina maji, watoto wananawa kwa sabuni. Anaangalia mkubwa asimnyang'anye mdogo kikombe. Hapo nako anafundisha. Mtoto anajifunza usafi. Anajifunza kusubiri zamu yake. Anajifunza kusema asante.

Kisha kuna suala la choo. Watu huona aibu kulizungumza, lakini sisi tulizungumze. Vyoo vingi vya shule vilijengwa kwa kipimo cha watoto wakubwa. Mtoto mdogo huliogopa lile tundu. Anaweza kuteleza. Akiogopa, huenda kichakani. Au hujibana mpaka akachafua nguo. Akichafua nguo wenzake humcheka, na kesho hataki kuja shule.

Sasa fikiri. Mtoto mmoja ameomba kwenda chooni. Mwalimu yuko peke yake. Atafanya nini? Akimsindikiza yule mmoja, amewaacha wengine wote peke yao. Akibaki na wengine, mtoto wa miaka mitano anakwenda peke yake kwenye shimo. Hakuna jibu zuri. Jibu zuri ni mtu wa pili.

Baada ya uji kuna michezo na hadithi. Msaidizi anacheza nao rede. Anawaruka kamba. Anawasimulia habari za sungura na fisi, kisha anauliza: fisi alikosea wapi? Mtoto anayeweza kujibu swali hilo ameanza kujifunza kusoma, ingawa hajashika kitabu. Amejifunza kusikiliza, kukumbuka na kupanga mawazo.

Karibu saa sita watoto wanakwenda nyumbani. Msaidizi anahakikisha kila mtoto ameondoka na mtu anayejulikana. Wale wa ng'ambo ya korongo wanakwenda pamoja. Wakati wa masika jambo hilo linaweza kuokoa maisha.

Hiyo ndiyo kazi yake. Je, ni kazi ya mtu yeyote tu aliyekosa shughuli?

LUGHA YA NYUMBANI NA LUGHA YA SHULE

Kuna kazi nyingine ambayo mara nyingi msaidizi anaiweza kuliko mwalimu mwenyewe. Kazi hiyo ni lugha.

Lugha ya kufundishia katika darasa la awali ni Kiswahili. Ni sawa. Kiswahili kimetuunganisha. Lakini mtoto wa kijijini hazaliwi na Kiswahili. Huko Dodoma vijijini anazungumza Kigogo. Huko Shinyanga anazungumza Kisukuma. Huko Mbulu anazungumza Kiiraqw. Siku ya kwanza shuleni anaambiwa, "Simama," naye anabaki amekaa. Anaambiwa, "Chora duara," naye anatazama tu.

Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anaweza kumdhania kuwa mzito wa kuelewa, au kwamba ni mkaidi. Mtoto si mzito. Mtoto si mkaidi. Hajaelewa neno.

Msaidizi aliyechaguliwa kijijini anaijua lugha ya mtoto. Anasema neno la nyumbani kwanza. Kisha anasema la Kiswahili. Anashika kitu chenyewe mkononi: jiwe, jani, kikombe. Baada ya miezi michache mtoto anajibu kwa Kiswahili bila woga. Msaidizi hakuvunja mpango wa shule. Amemshika mtoto mkono akamvusha mto.

Wewe uliyepita darasa la kisomo unalijua jambo hili. Unakumbuka ulivyokaa kimya siku za mwanzo. Hukuwa mjinga. Ulikuwa unangoja mtu akuelekeze kwa upole. Mtoto naye anangoja hivyohivyo.

Tuwataje pia watoto wenye ulemavu. Yuko mtoto asiyesikia vizuri. Akikaa nyuma ya darasa la watoto 80, hakuna atakayetambua. Atafika darasa la pili anaitwa mtoro wa mawazo. Msaidizi akimwita mara tatu kwa nyuma bila kugeuka, atashuku. Atamwambia mwalimu. Mwalimu atawaambia wazazi wampeleke kupimwa. Mtoto huyo amepona hatari kubwa, kwa sababu alikuwepo mtu wa kumtazama.

WATU WANASEMA NINI?

Katika kazi yangu ya elimu ya watu wazima ninakaa katika mikutano mingi ya vijiji. Nimeyasikia maneno mengi juu ya wasaidizi hawa. Nitayataja matatu, nami nitayajibu.

Neno la kwanza: "Watoto hawa wanacheza tu. Kucheza hakuhitaji walimu wawili."

Ni kweli wanacheza. Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, kama mkulima anavyojifunza kwa kulima. Anapojenga nyumba ya udongo anapima. Anapocheza duka anahesabu. Anapogombana na mwenzake kisha wakapatana, anajifunza kuishi na watu. Lakini mchezo unaofundisha unahitaji mtu wa kuuandaa na kuuangalia. Darasa lenye watoto wengi na mtu mmoja haliwezi kucheza. Litaketi chini na kukariri a, e, i, o, u kutwa nzima. Wanaobaki bila mchezo ndio wasio na msaidizi.

Neno la pili: "Mtu wa kijijini asiye na cheti atafundisha nini?"

Ndugu msomaji, neno hili linanigusa, maana linawagusa walimu wa kisomo. Tukumbuke historia yetu. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 7 kati ya 10 wa nchi yetu hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miti, katika maghala, katika nyumba za ibada. Nani walifundisha? Walimu wa shule za msingi walifundisha. Lakini hawakutosha. Wengi waliofundisha walikuwa wanakijiji wa kujitolea waliomaliza shule ya msingi. Walipewa mafunzo mafupi na posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Wasiojua kusoma walikuwa wamepungua wakawa 39 kati ya kila 100.

Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wasio na cheti. Walikuwa na mafunzo, kitabu cha mwongozo na mtu wa kuwatembelea. Hayo matatu ndiyo siri.

Tutazame pia jirani zetu. Huko Mombasa, Kenya, katika miaka ya 1980, mwalimu Swafiya Said alianza kazi ya kuanzisha shule za awali katika jamii za Waislamu wa pwani. Kazi hiyo iliungwa mkono na Shirika la Aga Khan. Hakungoja walimu kutoka mbali. Walichukuliwa wanawake wa mitaa ileile. Walifundishwa namna ya kufundisha watoto wadogo kwa michezo. Walitengeneza vifaa kwa vitu vya pwani: vifuu, makombe, mbegu. Wakufunzi waliwafuata darasani, wakakaa nao na kuwasahihisha. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Hapo tunaona jambo lilelile: mafunzo, vifaa, na mtu wa kuwatembelea.

Basi asiye na cheti anaweza kufundisha akisaidiwa. Akiachwa peke yake hawezi. Hata mwenye cheti akiachwa peke yake atachoka.

Neno la tatu: "Walimu ni kazi ya Serikali. Tungoje."

Ni kweli walimu ni kazi ya Serikali. Tena tuendelee kudai. Kijiji kiandike barua kwa halmashauri kila mwaka, kitaje idadi ya watoto na idadi ya walimu. Msaidizi asiwe sababu ya kunyamaza. Lakini mtoto mwenye miaka mitano mwaka huu, mwaka ujao atakuwa na sita. Umri haungoji barua ijibiwe. Anayengoja mvua hali anapanda mapema mbegu zake zisioze ghalani. Nasi tufanye tunaloliweza huku tunadai tunalostahili.

MAMBO YASIYO KAZI YA MSAIDIZI

Kama msaidizi ni mwalimu, yapo mambo hapaswi kufanyishwa, na yapo mambo hapaswi kuyafanya.

Kwanza, si mtumishi wa mwalimu. Hakuja kuchota maji ya nyumbani kwa mwalimu wala kumfulia nguo. Akifanya usafi wa darasa, wafanye wote wawili.

Pili, hashiki nafasi ya mwalimu mwaka mzima. Mwalimu akipata udhuru wa siku moja au mbili, msaidizi anaweza kuwaangalia watoto. Lakini ziko shule ambapo msaidizi akishapatikana, mwalimu anahamishiwa madarasa ya juu, na darasa la awali analiachiwa yeye. Hilo ni kosa. Hapo kijiji hakikupata mikono miwili. Kimebaki na mmoja, tena ule usio na mafunzo ya kutosha.

Tatu, msaidizi hashiki kiboko. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msaidizi hayumo. Lakini hata pasingekuwa na kanuni, kumpiga mtoto wa miaka mitano kwa sababu ameshindwa kusema "sita" kunamfundisha jambo moja tu: kuiogopa sita. Mtoto akikosea, mwonyeshe tena. Akisumbua, mpe kazi ya mikono. Akilia, mkalishe karibu.

SUALA LA POSHO

Sasa tufike mahali pagumu.

Nimeona jambo hili likitokea katika vijiji zaidi ya kimoja. Mwezi Januari mkutano wa kijiji unamchagua msichana aliyemaliza kidato cha nne. Watu wanapiga makofi. Wanaahidi posho. Februari analipwa. Machi analipwa nusu. Aprili anaambiwa asubiri mavuno. Mei hakuna anayemtazama usoni. Juni anaondoka kwenda mjini kutafuta kazi za ndani. Watoto waliomzoea wanamtafuta mlangoni asubuhi, hawamwoni. Wengine wanaacha kuja.

Kisha watu wanasema: "Vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea."

Mimi sikubali. Kijana huyo alijitolea. Alifanya kazi miezi mitano. Kijiji ndicho hakikujitolea. Kujitolea ni kutoa kwa hiari. Si kudhulumiwa kwa makofi. Hata wale walimu wa kisomo wa miaka ya 1970, posho yao ilichelewa mahali pengi, na mahali pengine haikufika. Wengi waliacha. Madarasa mengi yakafa, na baadaye wasiojua kusoma wakaongezeka tena. Tulipata somo hilo kwa gharama kubwa. Tusilirudie kwa watoto.

Posho ipatikane vipi? Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Tuseme darasa lina watoto wa kaya 50. Mkutano umekubaliana kila kaya inayoweza itoe kilo 2 za mahindi kila mwezi.

Kaya 50 mara kilo 2 ni kilo 100.

Kilo 100 ni gunia moja. Msaidizi anapata gunia moja la mahindi kwa mwezi. Anaweza kula, anaweza kuuza. Kaya imetoa kilo 2 tu.

Kijiji kingine kinaweza kutenga ekari moja ya shamba la kijiji. Kingine kinaweza kutumia sehemu ya mapato ya mashine ya kusaga au ya mnada. Kila kijiji kinajua mfuko wake ulipo.

Lakini yashikeni mambo manne.

1. Mchango uwe wa hiari, ukubaliwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na ufuate taratibu za halmashauri.

2. Mtoto asifukuzwe wala asiaibishwe kwa sababu nyumbani kwao hawakutoa. Tangu mwaka 2016 elimu ya awali haina ada. Mtoto wa maskini ndiye anayeihitaji shule kuliko wote.

3. Iwepo daftari. Kila kilichopokelewa kiandikwe. Kila kilicholipwa kiandikwe, na msaidizi atie sahihi. Daftari lisomwe mbele ya mkutano kila baada ya miezi mitatu. Wewe unayejua kusoma sasa, omba kuliona.

4. Ahidini kile mnachoweza kutoa mwaka mzima. Ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko ahadi kubwa inayokufa Aprili.

TUMCHAGUE VIPI?

Wasaidizi wengi huchaguliwa kwa sababu ni ndugu wa mtu fulani. Wengine huchaguliwa kwa sababu hawana kazi nyingine. Hizo si sababu. Tutazame haya:

1. Anawapenda watoto, na watoto wanamkimbilia. Mwacheni akae nao asubuhi moja kabla ya kumchagua. Mtaona.

2. Anajua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri. Akiwa amemaliza kidato cha nne ni bora zaidi.

3. Anaijua lugha ya kijiji, na Kiswahili pia.

4. Ana mwenendo mzuri na ni mtu wa kuaminika. Watoto wadogo hawawezi kujitetea. Wazazi waulizwe kwa siri kama wana shaka naye. Mwenye shaka asikilizwe.

5. Yuko tayari kujifunza. Mwalimu mkuu ampangie muda wa kujifunza kwa mwalimu wa awali wa shule hiyo, na amwombee nafasi mafunzo yakitokea wilayani.

Watu wengi wanadhani kazi hii ni ya wanawake tu. Sivyo. Mwanamume mpole anaweza kuwa msaidizi mzuri sana. Ni vizuri watoto wamwone mwanamume akinywesha uji na kusimulia hadithi. Watajua kwamba malezi ni kazi ya baba pia.

Nao wazee wasisahauliwe. Bibi anayejua hadithi, au babu anayejua kufinyanga ng'ombe wa udongo, anaweza kuja mara moja kwa wiki kwa saa moja. Huyo hahitaji cheti. Anahitaji kualikwa.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza: "Mimi nimetoka juzi tu darasa la kisomo. Jambo hili linanihusuje?"

Linakuhusu. Sasa unaweza kusoma tangazo la mkutano. Unaweza kusoma daftari la posho. Unaweza kuhesabu watoto na walimu, ukagawanya. Unaweza kusimama mkutanoni na kuuliza: "Bwana Mwenyekiti, msaidizi wetu wa darasa la awali amelipwa mwezi huu?" Swali hilo ni fupi, lakini likiulizwa kila mkutano, halitapuuzwa.

Elimu tuliyoipata ukubwani tuliipata kwa shida. Tulijifunza usiku, baada ya jembe na kuni. Mtoto wetu asingoje kuwa mtu mzima ndipo ashike kalamu. Amepewa darasa. Amepewa mwalimu. Tumpe na mkono wa pili.

MAANA YA MANENO

Darasa la awali: darasa la watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza.
Shule shikizi: shule ndogo iliyo chini ya shule kubwa, iliyojengwa karibu na makazi ya watu.
Posho: malipo madogo anayopewa mtu kwa kazi, yasiyo mshahara kamili.
Kaya: watu wa nyumba moja wanaoishi na kula pamoja.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Darasa la awali la shule yenu lina watoto wangapi? Lina walimu wangapi? Gawanyeni, kisha mlinganishe na kiwango cha mwalimu 1 kwa watoto 25.
2. Nani huwasindikiza watoto wadogo chooni katika shule yenu? Choo chenyewe kinawafaa?
3. Kaya 40 zikitoa kilo 3 za mahindi kila moja, zitapatikana kilo ngapi?
4. Kama kijiji kimeshindwa kulipa posho kama kilivyoahidi, kifanye nini? Andika sentensi tatu.
5. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba mwanamume anaweza kuwa msaidizi wa darasa la awali? Toa sababu zako.